Kikohozi Kwenye Kakao

Alhamisi, 5 Juni

Nimefaulu! Papa Phinées, mkuu wetu wa timu, alitupima tena leo, mimi na mwenzangu Jéthro. Anasimama chini ya mti, wewe unatembea kumwelekea, unatakiwa usimame palipobaki metre kumi kamili. Halafu anavuta kamba. Jéthro alisimama kwenye nane. Mimi — kumi na nusu. Papa Phinées akasema: "Bon. Macho yako iko na kamba ndani." Kwake hiyo ni sifa kubwa. Mzee huyu hasifu hata chakula cha mke wake.

Basi sasa mimi ni pisteur, mfuata nyayo, wa majaribio, mwanamke wa kwanza kwenye timu. Kila asubuhi tunaingia parke, tunawafuata sokwe, tunawahesabu, tunarudi. Wako kumi na mmoja. Metre kumi, maski usoni, hakuna kula mbele yao, hakuna kutema mate. Wakikukaribia, wewe ndiye unayerudi nyuma. Na mgonjwa haingii kabisa, hata wa mafua. Mafua yetu haya ya kawaida yanaweza kumaliza familia yao nzima. Papa Phinées anasema wanafanana na sisi mpaka ndani ya mapafu.

Mtoto wa jike mzee wa kundi, Mukekulu, anaitwa Lusenge. Ni jina la marehemu babu yake Papa Phinées. Mke wa mzee alinuna wiki nzima, jina la ukoo kupewa sokwe.

Jumapili, 8 Juni. Butembo

Pentekoste. Ubatizo wa mtoto wa yaya Virginie, dada yangu mkubwa. Baridi! Nimeshazoea joto la Beni, misani meno yaligongana. Nyumba ilijaa watu, kila mtoto pua inatiririka, na kila mtoto anataka kubebwa na mimi.

Yaya aliniuliza kama ni kweli naishi kule watu wanauawa mashambani. Nikamweleza: naishi kwa mama Hulda, nyumba ya mwisho ya kijiji. Baada ya nyumba ni kakao yake, baada ya kakao ni parke. Akamfuta mtoto pua. Halafu: "Mais weye unachunga nyama, Bénite. Weye nani anakuchunga?"

Nikajifanya ninatafuta chumvi.

Jumanne, 10 Juni

Nimerudi. Koo linakwaruza. Vumbi la barabara, bila shaka.

Asubuhi Papa Phinées alitupanga mstari na ile termometa yake ya bastola, akauliza kama kila siku: "Nani iko mugonjwa? Aseme, haiko haya." Joto langu 36.8. Nikasema mimi mzima.

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Nilidanganya. Na si kwa kuogopa kukosa mkataba tu. Wakati wa Ebola nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Mama mdogo Falonne alisema kichwa kinamuuma, basi. Wakamwekea bastola kama ile kwenye paji la uso, ikatoa namba, wakaja watu wa nguo nyeupe ambao huoni sura zao, wakampakia. Sikumwona tena. Tangu siku ile, mtu akiniuliza kama ninaumwa, mdomo unajibu hapana kabla sijafikiri.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya kosa. Kosa kubwa.

Tuliwapata mapema, juu ya mti wa matunda. Papa Phinées na Jéthro wakazunguka upande wa pili kuhesabu. Nikabaki peke yangu. Lusenge akateremka. Metre nane. Sita. Nne! Nilitakiwa kurudi nyuma, miguu ikakataa. Alikuwa mzuri mno. Masikio makubwa, uso mdogo wa rangi ya udongo. Alinitazama machoni kama mtu anayejaribu kukumbuka tulionana wapi.

Maski ilikuwa imelowa, pumzi haipiti. Nikaishusha, kidogo tu — na kikohozi kikanitoka. Mara tatu. Nikaziba mdomo kwa mkono, lakini kilikuwa kimeshatoka.

Lusenge hakukimbia. Aliinua mkono wake, polepole, akauweka juu ya mdomo wake.

Halafu Mukekulu akatoa sauti moja ya chini na pori zima likanyamaza, hata ndege. Mtoto akapanda. Papa Phinées aliporudi maski yangu ilikuwa mahali pake. Akaniuliza kama nimeona kitu. Nikasema hapana, papa.

Jumamosi, 14 Juni

Koo limepona. Basi. Labda hakutakuwa na kitu.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya tatu hatuwapati. Kwa kawaida nawasikia nikiwa bado kitandani, makelele yao yanafika mpaka uani kwa mama Hulda. Sasa kimya. Leo tumekuta vitanda vyao mitini. Papa Phinées alipanda kimoja, akayashika majani: yamekauka. Akatia jani moja mfukoni.

Na mimi sikumwambia kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Mama Hulda amerudi shambani mbio. Bila kikapu, kiatu kimoja. Mama wa miaka sitini na kitu! Nilimkalisha, nikampa maji, yakamwagika nusu.

"Kuna mutu anakohoa mu kakao yangu."

Alidhani ni jirani, akamsalimia. Hakujibiwa. Akasalimia tena, kwa Kinande. Kimya. Alipogeuka kuendelea na kazi — kikohozi, nyuma yake, karibu zaidi.

Jioni nyumbakumi wetu, Josaphat, alipita nyumba kwa nyumba: mtu yeyote asivuke njia ya kakao. Hakueleza sababu, na hakuna aliyeuliza. Wale. Hatuwataji jina, wale wauaji wa mashambani. Kila nyumba hapa ina jina la mtu aliyekwenda shambani akabaki huko. Familia mbili zimeshafunga magodoro kwenye pikipiki, zimekwenda kwa ndugu zao kule Mulekera.

Mama Hulda hakugusa chakula. "Kukohoa ya namna ile, mutoto yangu, ni ya mutu mwenye kulala inje."

Ijumaa, 20 Juni

Nimekisikia mwenyewe.

Saa kumi za mchana. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umelala kwenye kakao, mimi naosha sahani nyuma ya jikoni. Kikohozi kikavu. Mara mbili, na cha tatu kikazibwa. Kikazibwa! Kama anayeweka mkono mdomoni.

Hapo nikajua. Si mtu. Ni Lusenge. Alijifunza kwangu, kikohozi na mkono pamoja.

Nilisimama na sahani inadondosha maji. Halafu nikafanya jambo la kijinga: nikakohoa makusudi, kidogo. Nikangoja. Kutoka kwenye ukungu — mara moja. Kama anayejibu.

Nimemuua yule mtoto. Yeye, na Mukekulu, na wote kumi na mmoja. Wametoka porini wanakuja kufa kwenye kakao, mlangoni pangu. Ninaogopa kulala. Ninaogopa hata kukohoa.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi Josaphat alikuja kutuarifu: kesho basoda wa jeshi wanakuja. Hawataingia kwanza. Watasimama njiani, watapiga risasi ndani ya kakao, halafu ndipo waingie kuangalia. Papa Phinées alikuwa pale, amekuja kuomba ruhusa ya kupita kwenda porini. Akakataliwa.

Niliwatazama wale wazee wawili. Nikaona jinsi itakavyokuwa: Mukekulu amekaa chini ya kakao, mtoto kifuani, na risasi zinakuja. Nikasema yote. Mafua ya Butembo, termometa, maski. Nilisema haraka mpaka pumzi ikaniishia.

Papa Phinées: "Metre ngapi?"

"Ine, papa."

"Na ulikohoa."

"Mara tatu, papa."

Akavua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Josaphat ndiye aliyeuliza: "Donc sokomutu anakohoa sawa mutu?"

"Sawasawa. Ukifunga macho, hauwezi kutenganisha," Papa Phinées akajibu.

"Na mutoto huyu iko na hakika?"

Walinitazama wote wawili. Nikasema nina hakika. Nikasema: ninamjua yule mtoto, ninajua hata jinsi anavyoziba mdomo. Nikapiga magoti kwenye matope, nikawaomba wasipige.

Josaphat akacheka! Kicheko kirefu cha mtu aliyefunguliwa kamba. Akapiga simu palepale: basoda wasihangaike, ni mnyama tu. Papa Phinées hakucheka. Aliniambia nivue buti za kazi. Nikarudi nyumbani miguu mitupu, ninalia, na moyo mwepesi kuliko siku zote za wiki hii.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani kwa mama Hulda, baada ya matangazo, Josaphat alisimama. "Bandugu, muogope hapana. Ni sokomutu, iko na mafua. Bénite anamujua, yeye njo alimuambukiza." Kanisa zima likacheka, watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akaniita daktari wa sokomutu. Kakao imeiva sana, inaanza kuozea mitini, kesho kila mtu atavuna. Josaphat amewaagiza tu wakimwona mnyama wakae mbali, metre kumi. Hata magodoro yaliyokwenda Mulekera yamerudi.

Mchana kikohozi kilisikika tena. Watoto wa jirani wakakiigiza, wakicheka. Kikanyamaza.

Nilifurahi kupigiwa makofi. Ninaona haya kuandika hivyo, lakini nilifurahi.

Jumatatu, 23 Juni

Saa mbili. Wameingia. Wanawake kumi na wawili, wanaume wachache, mapanga na vikapu. Mama Hulda mbele ya wote, anaimba. Nilitaka kumfuata, akakataa: "Kaa kwanza, unaweza kumuongezea mafua!" Papa Phinées na Jéthro wamekwenda kuzungukia upande wa mto, kuwatafuta wagonjwa wetu. Mimi nimebaki kufua.

Saa sita kasorobo. Jéthro amepiga simu kutoka juu, penye rezo ya simu. Anapiga kelele, simwelewi. Wamewapata! Ng'ambo ya mto, mbali kabisa, kwenye miti iliyoiva. Wote kumi na mmoja. Lusenge ananing'inia kwa mkono mmoja. Papa Phinées amewatazama saa nzima: hakuna anayekohoa, hakuna hata pua inayotoka. Wako kule zaidi ya wiki, mavi yao yamekauka chini ya miti, hawakutoka.

"Haukuua mutu, Bénite!"

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu uani, nguo imeshikwa mkononi. Na simu ikiwa bado sikioni nikasikia kikohozi. Kwenye kakao. Mara mbili, na cha tatu kikazibwa.

Saa sita na nusu. Naandika nimekaa kizingitini. Nisipoandika nitapiga mayowe. Nimemkimbilia Josaphat, naye amegonga ile rimu ya gari, kengele ya kanisani, mpaka mkono ukatoka damu. Wametoka mbio, wengine bila vikapu. Tumewahesabu njiani. Tumewahesabu tena. Anakosekana mama Hulda. Nimepiga simu yake — imelia hapa ndani, juu ya meza. Josaphat anasema hakuna anayevuka njia, basoda wamepigiwa, wako njiani, dakika ishirini. Mimi nilisema nina hakika. Mimi ndiye niliyesema.

Hakuna upepo. Watu thelathini wamesimama njiani, wametega masikio.

Ninamsikia! Mama Hulda. Si mbali, labda metre hamsini, kwenye kivuli cha ile miti mizito. Anaongea. Sauti yake ya upole, ile anayobembelezea wajukuu: "Ooo, pole. Pole na mafua. Usiogope, sitafika karibu. Nitakuachia kindizi hapa."

Kikohozi kimekatika katikati.

Nimemwita. Nimemwita mara ya pili, kwa nguvu zangu zote. Amejibu, "Ninakuja, mutoto yangu!" Josaphat ameniambia ninyamaze, nisiwaonyeshe tuko wapi. Majani yanatikisika, lakini si upande aliosemea mama.