Tovuti Iliyomsubiri Askofu

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka Kitengela, tunakokula vumbi. Magoti yako yanaendeleaje? Mvua imefika huko Vihiga? Sisi tuko hai, lakini nina uchungu na sitakuficha. Ile yadi ya mawe tuliyoanzisha baada ya wewe kumuuza mtamba wako, tumeifunga.

Hapa matapeli wamejaa, wa ploti na wa mawe. Mtu hakupi kazi kabla hajakutafuta kwenye simu aone kama upo. Kwa hiyo Wycliffe, mdogo wake Baba Imani, alitutengenezea tovuti nzuri yenye picha za mawe na namba yangu. Lakini akaificha, akaiwekea amri kwamba mitambo ya kutafuta isiionyeshe mpaka Askofu aiombee, kama alivyoiombea yadi. Askofu alikuwa safarini, tukangoja. Aliporudi aliipaka simu mafuta, tukaimba, tukala kuku. Halafu shemeji akasahau kuiondoa ile amri!

Wakati huo mzee mmoja wa Bisil alikuwa anajenga shule, na bei yetu aliipenda. Alitutafuta kwenye simu, asione kitu. Akanipigia.

"Mama Imani, niko na wasiwasi. Nyinyi ni watu wa ukweli ama ni wakora?"

"Tuko, mzee. Kuja uone yadi."

"Yadi hata mkora anakodisha."

Akanunua kwingine.

Shemeji alipogundua, aliiondoa amri. Nilidhani ni kama kufungua mlango wa duka. Wapi! Kumbe mtambo huja kwa wakati wake, tena hufika kwa kufuata njia kutoka kurasa za wengine ambazo mtambo tayari unazijua. Yetu ilikuwa mpya na hakuna aliyeitaja popote.

"Itatokea tu, Shem. Mungu hachelewi."

"Mungu hachelewi. Ni wewe umechelewa."

Baba Imani akanikataza kumsema ndugu yake. Lakini hasira ninayo hadi leo. Kodi ilitushinda, na sasa mume wangu anapasua mawe ya watu machimboni.

Nisalimie bibi yetu Kuku, mwambie simsahau katika maombi, na shangazi wa kwaya, na kaka yangu anayekukamulia ng'ombe waliobaki.

Mama, nilikuwa nakunja barua hii simu ikalia. Ni mama mmoja wa Kajiado, ana furaha: "Nimewapata kwa mtandao, nyinyi ndio mnatokea wa kwanza kabisa! Niko na nyumba nataka kujenga. Mawe iko?"

Nikamwambia amekosea namba.

Binti yako,
Rose