Mtungi Wako Ulikuwa Mbele ya Wangu

Mama Achieng',

Maji yamerudi Kibera. Najua ungetaka kuanza na hiyo habari, salamu baadaye. Achieng' wako ni mzima, anakaa kwangu, na bado anaramba sukari akidhani simwoni.

Lakini nimekuandikia kukiri jambo. Siku ile kabla upelekwe hospitali ulinishika mkono ukaanza kuongea juu ya mkutano wa Kisumu, ule wa akina mama wa maji kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Kibera na Kawangware tulikuwa tumepewa nafasi moja tu, na kila mtu alijua ni yako. Ukasema, "Nekesa, nikishindwa, Mama Njoki aende." Nikadhani ni homa inaongea. Mama Njoki, mwenye ploti wa Gatina kule Kawangware, aliyekufukuza ulipomwomba afuate sheria yetu ya laini ya maji? Ukacheka kidogo. "Wewe ukienda utarudi vile ulivyo, shida ya maji unaijua. Yeye ndiye anafaa kwenda kuisikia."

Tulikuzika, nami nikanyamaza na maneno hayo miezi mitatu. Nilitaka kwenda mimi. Nilikuwa hata nimeshonesha nguo.

Jumamosi moja tukakutana Gatina, kanisani, tuchague mtu. Mfereji wetu ulikuwa umekauka, na Mama Njoki alikuwa amekubali tuchote kwake tukimaliza, kwa hivyo sisi wa Kibera tulienda na mitungi tukaipanga mlangoni. Mikono yangu ilikuwa haijajua umekufa. Nilifika wa kwanza na miwili, wangu na wako wa kitambaa chekundu, na wako nikauweka mbele ya wangu kama kawaida.

Ndani kulikuwa kelele tupu. Wa Kibera wanataka mtu wao, wa Kawangware wao, hakuna anayesikia mwenzake. Mwishowe yule mama mzee anayeuza mboga pale Olympic, Kibera, akasema tufanye kama mferejini: mwenye mtungi wa kwanza aongee kwanza. Wote wakageuka kuangalia mlangoni. Kitambaa chekundu.

Na sheria ni wewe uliyetuwekea. Zamu ikifika na mwenyewe hayuko, harukwi. Anayemfuata anamjazia kwanza, ndipo ajaze wake. Sasa anayekufuata ni mimi.

Nilisimama. Ningeweza kudanganya, nani angejua? Lakini mtungi wako nimeujaza mara nyingi sana, na hata siku moja sijauacha nusu. Nikayasema maneno yako yote, hata yale ya mimi kurudi vile nilivyo. Wakacheka, nami nikalia. Kisha nikasema yangu: kwamba nilitaka kwenda, kwamba niliyaficha maneno yako, na kwamba wanisamehe. Mama Njoki alikuwa ameketi mbele, leso machoni.

Basi wakakubali, akaenda Kisumu. Aliporudi alikuja hadi kwangu kwa miguu, na vile viatu vyake vizuri. Akanieleza habari ya mwanamke wa Kampala aliyemwacha mtoto mgonjwa nyumbani kwa sababu aliogopa kurukwa kwenye laini. Akasema wapangaji wake pia wamefanya hivyo, na aliyekuwa akiwaruka ni yeye. Siku hizi Gatina hakuna mtungi unaorukwa. Akina mama wa Mwanza wametuandikia barua wakitaka tuwaeleze sheria yako vizuri. Na kanjo, wale wa serikali ya jiji, walipotuita juu ya maji, tulienda pamoja, Kibera na Kawangware, tukakaa benchi moja. Ungekuwepo ungeongea mpaka wakose chai.

Bado inaniuma kidogo, sitakudanganya. Nguo nitaivaa Krismasi.

Pumzika sasa, dada yangu. Leo asubuhi nilikuwa na haraka, uji uko motoni, na jirani mmoja mgeni akaniuliza kwa nini nabeba mtungi wa mtu aliyekufa. Nikamwambia maji hayo ni ya Achieng'. Nitaendelea kuujaza wako kwanza, hata siku nikiwa nimechoka. Na Achieng' akipata nguvu ya kuubeba mwenyewe, nitamwonyesha mahali pa kuuweka. Ni mbele ya wangu.

Nekesa