Simu ya Kando ya Kitanda

Jumatatu, 3 Novemba

Nimezima modemu, nimewasha. Mara ya sita leo. Taa ya intaneti inashika, inapepesa, inakufa. Kama lori imebeba simiti ikikataa mlima.

Njeri alipatikana dakika nne. Mama yake alikuwa tayari, mito mitatu mgongoni, kitambaa kipya kichwani. Akauliza tu, "Njeri, umekula?" na uso wa mtoto ukaganda mdomo ukiwa wazi. Kwisha. Mimi nikasema kumbe hata Ujerumani wanalala macho wazi. Mama Njeri akacheka, na kicheko siku hizi kinamuuma mbavu. Nikajuta.

Nitatengeneza. Mimi ni mtu amefunga waya za trela kutoka Malaba mpaka Lubumbashi, kwa koleo na meno. Waya moja ya simu hainishindi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepigia kampuni. Muziki dakika arobaini. Halafu msichana wa sauti tamu: "Mzee, umejaribu kuzima na kuwasha?" Nikamwambia nimezima na kuwasha mpaka hiyo kitu inadhani mimi ndio stima ya Kitengela, kupotea na kurudi. Alicheka. Hakusaidia.

Nimetoa modemu karibu na friji. Nimebadilisha waya. Wapi.

Watu wanasema tumia simu ya mkono. Netiwaki ya mkono hapa ndani ilikufa siku jirani alimaliza ghorofa yake. Inashika tu nikipanda juu ya tangi ya maji. Mama Njeri hafiki hata choo bila mimi, atapanda tangi? Kwa hivyo ni hii laini ya waya ama hakuna Njeri.

Hii laini nilivuta wakati hapa kulikuwa swara na miiba. Watu walinicheka. Leo barabara yote ni mimi tu niko na simu ya nyumba. Tena mbili. Moja iko sebuleni. Ya pili nilimwekea Mama Njeri kando ya kitanda mwezi uliopita, alipoacha kutembea, ili watu wamsalimie akiwa amelala. Waya nilipitisha mwenyewe juu ya mlango. Kazi safi. Fundi wa serikali hawezi.

Jumatano, 5 Novemba

Mama Njeri ameanza maneno. "Baba Njeri, sikia. Kila mtu akinipigia kunisalimia, Njeri anaenda."

Nikamwambia hizo ni dawa zinaongea. Simu ni simu, intaneti ni intaneti, hawajuani hata kwa sura. Nilicheka sana. Yeye akageuza uso akaangalia ukuta.

Mvua imenyesha. Shida ni maji, yameingia kwa lile sanduku la pale kwa nguzo. Niko na uhakika.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimeenda ofisi yao Kajiado na pikapu. Mama mmoja kwa meza, vumbi kila mahali. Akasema mafundi wa waya wamebaki wawili tu, wengine wote wamehamia kwa faiba, zile waya mpya za kisasa. Nikapiga kelele. Nilimwambia nimekunywa chai na mabrigedia Goma, yeye ni nani. Halafu nikaanza kumweleza habari ya Mama Njeri na sijui ilikuaje. Machozi. Mimi. Mbele ya watu wamepiga foleni.

Yule mama aliinuka, akaandika jina langu juu kabisa. "Enda nyumbani, Mzee. Jumanne."

Nilisimama Isinya nikanunua maziwa ya ng'ombe, ile Mama Njeri hupenda. Alikunywa vijiko viwili. Akasema ni tamu. Vijiko viwili.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani peke yangu. Mchungaji akanipatia maiki niombe watu wamwombee mgonjwa. Mimi na maiki! Nikawaambia Mama Njeri amechoka na watu wa kukaa kwa kitanda chake, lakini masikio yako sawa, na kwangu kuna simu ya nyumba, haitaki bando, haitaki baa za netiwaki, ni moja tu kanisa mzima. Pigeni. Nikataja namba mara mbili. Watu wakacheka. Nilirudi kwa kiti nikijisikia kama mbunge.

Imelia tangu saa saba. Mama Njeri anawaambia wote, "Sijambo sana, Mungu ni mwema." Anawadanganya kwa upole, mmoja mmoja.

Njeri hupatikana saa kumi mpaka saa kumi na mbili, kabla aingie kazini kule anaangalia wazee. Leo alikatika mara kumi na moja. Nimelaani mvua.

Jumatatu, 10 Novemba

Daktari aliniita nje, tukasimama na kuku. Alisema ni siku. Sio wiki.

Njeri anataka kupanda ndege. Makaratasi yake bado yako ofisini huko, akitoka hatarudi. Mama yake alimkataza kitambo. "Kaa huko. Mimi nione uso tu." Hiyo ndio kitu pekee ameomba. Hakuomba hospitali kubwa. Hakuomba India. Uso.

Na mimi, mtu wa kuvuka mipaka minne bila kulala, nashindwa kupitisha uso mmoja kutoka sebuleni mpaka kitandani.

Jumanne, 11 Novemba

Fundi hakuja.

Saa kumi Njeri akashika. Picha safi kabisa, mpaka nikaona chunusi. Mama yake akaniambia nimkalishe vizuri. Akatemea mikono yake mate kidogo, vile wazee wetu hufanya wakibariki mtoto. Akainua viganja mbele ya skrini. Mikono nyembamba. Njeri akaelewa, akainamisha kichwa huko aliko.

"Njeri, mtoto wangu, vile ulitoka kwangu ukiwa mzima, na wewe..."

Simu ya kando ya kitanda ikalia.

Niliona kwa macho yangu kupitia mlango. Simu imelia, taa ya modemu sebuleni imekufa. Njeri hayuko. Alikuwa mama mmoja wa kwaya. "Nilikuwa nasalimia tu, Baba Njeri." Nilimtukana. Mama wa watu.

Mama Njeri bado ameinua mikono.

Aliniambia Jumatano. Nikacheka.

Nikang'oa waya ya hiyo simu ukutani, ikatoka na kipande cha simiti. Taa ikarudi ikatulia. Lakini Mama Njeri alikuwa ameishiwa na nguvu, amelala. Tulimngoja mpaka saa kumi na mbili, mimi huku, Njeri kwa skrini. Njeri akaenda kazini. Mama yake aliamka baadaye, akasema neno moja. "Kesho."

Jumatano, 12 Novemba

Njeri amechukua ruhusa. Laini imesimama kama mlingoti tangu asubuhi, haijapepesa hata mara moja.

Mama Njeri hajaongea. Macho nusu. Daktari anasema anasikia.

Njeri aliongea peke yake masaa matatu. Aliimba zile za kanisa. Alimwambia amekula. Mimi nilichukua mikono ya mama yake nikaiweka juu ya skrini, juu ya kichwa cha mtoto. Sijui kama hiyo inahesabika. Sijui nani naweza kuuliza.

Alhamisi, 13 Novemba

Ametuacha kabla jua litoke. Nilikuwa nimeshika mguu wake.

Saa nne lango likagongwa. Fundi, anaitwa Lemayian, mtu wa umri wangu, ngazi begani. "Sopa," akanisalimia kwa Kimaasai. Nikajibu, "Epa." Mdomo ulijibu wenyewe. Nikamwambia kuna msiba. Akavua kofia, akataka kurudi. Nikamwambia fanya tu. Mtoto atataka kuona mazishi.

Aliangalia waya wangu juu ya mlango muda mfupi sana. "Nani alifunga hii?"

"Mimi."

Akaniambia polepole, kama mtu anaongea na mgonjwa. Kila simu kwa hii laini lazima ipitie filta, kidude cheupe kama kiberiti. Bila hiyo, simu ikilia inaangusha intaneti. Ya sebuleni iko nayo. Ya chumbani haina. "Na hupeana mbili kwa boksi, Mzee."

Najua. Ya pili iko kwa droo ya misumari. Niliitoa mwenyewe, kwa sababu ikiwekwa ilikataa kupita nyuma ya kabati, na simu ingebaki mbali na mto wake. Nilitaka ifike karibu na sikio.

Akarudisha waya niliyong'oa, akafunga na filta. Alihamisha kabati kidogo tu. Dakika tano.

Ijumaa, 14 Novemba

Watu wamejaa. Simu inalia, intaneti haikatiki. Nimemwomba msamaha yule mama wa kwaya. Alinikumbatia. Hakuna mtu amenilaumu, kwa sababu hakuna mtu nimeambia. Njeri tu. Akasema, "Baba, ulitaka asikie watu." Afadhali angenitukana.

Jumatano, 26 Novemba

Tulishazika. Nyumba imetulia.

Saa kumi Njeri anapiga. Hatuongei sana. Leo alikuwa anamenya viazi huko, mimi nachagua maharagwe huku, nimekaa kwa kitanda, upande wangu.

Simu ikalia. Nikaangalia taa. Kijani.

Alikuwa mama wa Kimana, walikuwa wakiuza vitunguu na Mama Njeri zamani. Ndio sasa amepata namba, kwa mtu wa kanisa. Sauti ya furaha. "Nipatie huyo rafiki yangu nimsalimie!"

Mimi huwa na utani wa kila mtu. Nilitafuta, hakukuwa na kitu. Nikamwambia. Alilia kwa muda mrefu, nikamwacha alie, nikishika simu karibu na mto.

Nilipoweka chini, Njeri alikuwa bado pale kwa skrini, kisu mkononi, kiazi nusu. Hakukatika. Alisikia yote.

"Endelea na maharagwe, Baba," akasema.

Nikaendelea.