Manowari ya Baba Imeletwa Huku Kukatwa

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute presha imetulia na ule mguu umepungua kuvimba. Najua bado umo edani, na kwamba nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio mzito.

Haya ninayokuandikia si ya simu. Kwa simu tungelia tu mpaka chaji iishe. Barua nimempa Ami Bakari mkononi, yule wa Changamwe aliyefanya kazi na baba melini. Nitakwambia amefikaje huku.

Kwanza nikupe pole upya, kwa kuwa siku ya maziko sikukupa pole ya mtu mzima. Paspoti yangu iko kwa tajiri. Nilipomwendea kuomba ruhusa aliniambia nisubiri hadi aongee na wakubwa, na maiti haisubiri. Mlipokuwa mkimtoa baba nyumbani, mimi nilikuwa yadini nimevaa miwani ya kukatia chuma, nikashukuru kwamba miwani ile haionyeshi macho.

Unajua kazi yetu sasa si ya kuchomelea mageti tena. Tunavunja meli. Zinakokotwa hadi ufukweni, nasi tunazikata kwa moto wa gesi vipande vipande, chuma kikayeyushwe. Basi arubaini ya baba ilipokwisha kupita, tagboti ilileta meli ndefu ya kijivu, nyembamba, isiyofanana na za mizigo. Jina lilikuwa limepakwa rangi, lakini herufi zake ni za chuma zilizochomelewa ubavuni, na rangi haikuweza kuzificha. Nilisoma nikakaa chini mchangani. Ilikuwa manowari ya baba, ile uliyokuwa ukiiita mke mwenzio.

Ami Bakari alikuwa juu yake. Walioinunua walimwajiri aje nayo kama mlinzi njiani, kwa kuwa anaijua. Aliponiona hakuuliza mimi ni nani. Alisema nimechukua paji la uso la baba, akanikumbatia.

Tulikaa pamoja chumbani kwangu siku zote alizongoja ndege ya kurudi, na maongezi yake yalikuwa ni hiyo meli tu. Aliniambia ilipofika kambi ya wanamaji Mtongwe ikiwa mpya ilikuwa na mizinga na makombora, na baba alikuwa kijana wa mizinga, akitembea Likoni kifua mbele. Vita walivyovingoja havikuja. Makombora yakazeeka, yakang'olewa, ikabaki kufukuza maharamia na meli za kigeni zinazoiba samaki. Kisha mto Tana ulipofurika ikapelekwa kubeba unga, mablanketi, akina mama na mbuzi wao. Uzeeni ikafungwa gatini, ikawa darasa la makuruta. Baba mwenyewe alikuwa mwalimu wao hadi alipostaafu.

Alipofika kwenye mafuriko aliniuliza kama najua kwa nini baba hakuja kumzika Fatuma.

Mama, nilimjibu yale ninayoyajua kwako: kwamba dadangu alikufa kwa homa kabla hajatembea, ukamzika pamoja na wajomba, na baba akaja baada ya siku nyingi akasema kazi haikumruhusu. Najua neno hilo lilikaa kati yenu miaka yote. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa nikiona unavyomtilia chai bila kumtazama.

Ami Bakari akasema, "Kazi ilimruhusu."

Taarifa ya kifo cha Fatuma iliwafikia wakiwa Kipini, mto Tana unapoingia baharini. Helikopta ilikuwa imeleta dawa na ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja kurudi Mombasa. Kapteni akampa baba. Angewahi maziko. Alikuwa keshaingia, mkoba magotini, wakaja watu na mwanamke juu ya kitanda cha kamba, uchungu umemkaza na mtoto hatoki. Hakuna aliyemwambia baba ashuke. Alishuka mwenyewe, akashika mguu wa kitanda akasaidia kumpandisha. Helikopta ilipoondoka aligeukia ukuta wa shule iliyokuwa pale, na hakuna aliyethubutu kumwendea.

Baadaye walipata habari kwamba mama yule alijifungua salama. Ami Bakari alimsihi baba akwambie. Baba alimjibu, "Nitamwambiaje mke wangu kwamba mtoto wa mwenzake anapumua, na wetu yuko mchangani?"

Akamkataza kulisema maadamu yeye yu hai.

Siku ya pili msimamizi alitugawia meli. Nilikwenda kumwomba sehemu ya mbele, ulipokuwa mzinga, mahali pa baba. Akanikubalia bila kuuliza. Chuma chake ni kinene, kimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likiungua linatoa moshi wa namna yake. Nilikuwa nikikata nikimsomea Yasini kwa sauti ndogo. Sikumbeba baba begani, mama. Nilichobeba ni hicho.

Dada Mwanamkasi ameniambia kwamba jeneza lilipokuwa linatoka na watu wakaombwa wamsamehe marehemu, wote waliitikia, wewe ukanyamaza. Sikulaumu. Fatuma ulimwosha wewe mwenyewe. Baba alikunyima haki yako ya kujua, hata kama alidhani anakuhurumia, na mimi siwezi kukwambia uhisi nini. Nimeona tu usibaki na nusu ya habari. Mengine yote utamuuliza Ami Bakari. Nimemwomba asiondoke kwako mpaka umalize maswali.

Nisalimie dada Mwanamkasi na wanawe, mjomba Athumani wa Utange, na shangazi anayelala nawe hapo. Mwambie Mungu atamlipa. Paspoti nimeidai tena. Nikiipata nitakuja, kwako kwanza, kisha unipeleke makaburini kwa wote wawili.

Nipe radhi zako.

Mwanao,
Omari