Shoka Juu ya Barafu

Nyumba Na. 14,
Lhotka.
26 Machi

Mpendwa mjukuu wangu Rozálie,

U mzima? Kifua kimepona? Hao watu wa Norwe wanakulisha, au unashinda na mkate mkavu? Koti nililokushonea livae, usiniambie limepitwa na wakati. Mimi sijambo, ila magoti, na magoti hayaui mtu. Baba yako hajambo pia.

Sasa kaa chini usome. Karpi, samaki wa bwawa letu, wamekufa. Wote, mke mwenzangu. Barafu ilipoyeyuka juma lililopita walielea matumbo juu, tangu mlango wa maji hadi kwenye matete. Tumewazoa siku tatu kwa toroli, tukawafukia na chokaa. Usimlaumu baba yako, wala baridi. Ni mimi.

Januari ulipiga simu ukasema chuoni mmefundishwa kufagia theluji juu ya barafu, ili mwanga upenye na samaki wapate hewa. Nikakujibu kwamba nilikuwa navua bwawa hili kabla mwalimu wako hajaota meno. Ukaniaga, ukakata simu. Nikajiona nimeshinda.

Theluji ikalala wiki tano. Hofu ikaniingia, lakini kukupigia simu sikuweza, mdomo ulishasema. Nikachukua shoka nikaenda kutoboa barafu. Babu yako Bohumil, Mungu amrehemu, alikuwa akiikata kwa msumeno, polepole kama anayemnyoa mtoto mchanga, na hakuniruhusu hata kukohoa pale. Miaka arobaini nilidhani ni ukaidi wake tu. Mimi nikagonga asubuhi nzima. Jirani Vlasák akasimama kwenye tuta akasema, "Bi Květuše, hao wamelala. Unawaamsha." Nikamwambia akamwamshe mkewe, aniache na kazi yangu.

Kumbe alisema kweli. Karpi akiamshwa wakati wa baridi huzunguka chini ya barafu, mafuta yake yanaisha, chakula hakuna, hewa hakuna. Wewe haya unayajua. Ningekuuliza tu.

Mkataba wa kukodi bwawa kwa halmashauri unaisha Oktoba. Nilitaka usaini wewe, na shahada yako mkononi. Lakini kifaranga cha karpi humchukua mtu miaka mitatu kukifikisha mezani, na mimi miaka mitatu sina. Baba yako amewaambia halmashauri walichukue bwawa lao. Sikumzuia.

Basi usirudi kwa ajili ya bwawa. Hao samaki wa baharini mnaowafuga huko Norwe wakikutaka, kaa nao. Na usiniandikie maneno ya kunifariji, sitayasoma.

Ila jambo moja nakuagiza. Ulisema masomo yenu ni ya vitendo, na kila mmoja huwasimulia wenzake kosa aliloliona. Wasimulie hili. Sema ni bibi yako, bwawa la Lhotka, alishauriwa akatukana, kisha akashika shoka. Jina usilifiche.

Shangazi yako Otýlie anakusalimu. Vlasák naye. Ana haki ya kunicheka lakini hacheki, na hilo ndilo linaloniuma.

Humu ndani nimetia gamba la karpi lililokuwa chini ya sahani yako usiku wa Krismasi, kwa kuwa hukuwepo kulichukua. Liweke kwenye pochi kama kawaida, pesa zisikuishie. Ni la mwisho la bwawa letu. Lisipoleta bahati, usinidai.

Mungu akushike juu ya maji hayo.

Bibi yako akupendaye hata akigomba,
Květuše