Mala ya Leo Isiuzwe

Mama,

Ukirudi kutoka kuchuna majani chai, malizia kumkamua yule ng'ombe mweusi. Nilikuwa ninamkamua, Baba ameshika ndama, ndipo akaanza kukohoa mpaka akaketi chini kwenye nyasi. Mwili wake ni moto. Jirani Osoro anatupeleka hospitali ya Nyamira kwa pikapu yake. Tafadhali usitufuate, na hiyo pumu yako. Nitapiga simu.

Mala ya leo usiuze. ~~Wape kuku.~~ Hapana, mwaga yote. Kikombe cha kuonjea kichemshe. Mteja akija, ongea naye ukiwa mbali, na uvae barakoa.

Tangu shule ifungwe kwa sababu ya korona, ikaacha kuchukua maziwa yetu, tukaanza kuyagandisha na kuuza mala hapa langoni, Baba amekuwa akionjesha kila mteja kwa kikombe kile kimoja. Kwanza anaonja yeye. Nilimwomba aache, akayacheka masomo yangu ya udaktari wa mifugo: "Hii daktari ya ng'ombe inaogopa watu?" Nami nikarudi kukamua, unanijua.

Leo alikataa hata kusimama. "Watu wakisikia nimepelekwa hospitali, nani atanunua mala yetu tena?"

Ninaogopa sana, Mama. Sijawahi kumpazia Baba sauti, lakini leo nilimwambia, Osoro akisikia: "Wateja waende, Baba. Mimi ninakutaka wewe."

Binti yako,
Gesare