Mfuko wa Pampu ya Filimbi

Jumatatu, 3 Machi

Nimefunga kibanda cha ushonaji saa nne nimsindikize mdogo wangu kliniki ya kisukari. Filimbi, ndivyo tunavyomwita nyumbani, maana ni mwamuzi wa mpira. Kafungwa pampu ya insulini! Kidude saizi ya sabuni iliyoogewa nusu. Kinakaa kiunoni, mrija mwembamba unaingia tumboni.

Nesi kaeleza mpaka kichwa kikaniuma. Eti kuna besali: insulini kidogo kidogo, mchana kutwa usiku kucha, hata asipokula. Halafu bolasi: ile anayoongeza mwenyewe akitaka kula, kwa kuhesabu wanga ulio kwenye sahani. Nikauliza, kwa hiyo mashine inajua amekula nini? Nesi kacheka. Haijui lolote, mama, akili ni za huyu hapa.

Na huyu hapa alikuwa anajibu kabla hajaulizwa! Gramu kumi za wanga, yuniti moja. Huyu ambaye shuleni hesabu zilimpiga chenga miaka yote! Nimevimba kichwa kana kwamba nimejibu mimi.

Jumanne, 4 Machi

Jumamosi ana mtihani wa mbio. Mizunguko kumi ya uwanja. Asipomaliza, hachezeshi tena. Mkuu wa waamuzi kamwambia kavukavu: ukianguka mara nyingine, basi. Mwaka jana sukari ilimshuka dakika ya sabini, akaanguka katikati ya uwanja, mashabiki wakasema kalewa. Nilikuwepo. Nilitaka kuwazaba vibao mmoja mmoja!

Nitamshonea mfuko ndani ya bukta, pampu isimchezecheze. Hapo nesi hanifikii.

Jumatano, 5 Machi

Bukta tayari. Safi kabisa! Hata mrija nimeutengenezea njia yake ndani ya mshono, usionekane.

Alhamisi, 6 Machi

Mjinga ni mimi.

Kaivaa bukta tangu asubuhi kuijaribu. Saa tisa kaja kibandani, naona anamaliza chupa ya tatu ya maji, kila mara chooni, na ananijibu kwa ukali, jambo ambalo si lake. Kajitoboa kidole, kapima sukari. Kumi na nane! Nesi alisema isipite kumi. Mimi nikaanza makelele, mara tumpigie nesi, mara twende hospitali. Yeye: dada, kaa chini kwanza.

Nikakaa. Kapima ketoni. Hizo ni sumu zinazojaa mwilini insulini ikikosekana, na mwenye pampu zinamwahi haraka kwa sababu hana insulini ya akiba. Zimeanza, lakini kidogo. Kisha kageuza bukta. Mrija umekunjika palepale kwenye kona ya mshono wangu! Njia nimeibana kama ya kupitishia kamba ya suruali, na kona nimeipiga ya mraba, kali, ya kujionyesha. Insulini haikupita. Mashine yenyewe, ambayo hulia mrija ukiziba, ilikuwa haijalia bado.

Kajidunga kwa kalamu ya insulini. Kabadilisha mrija wote, hadi kile kipande cha tumboni. Kanywa maji, katulia, kapima tena, na tena. Baada ya saa mbili, kumi na moja. Mimi nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Nikalia. Nikamwambia nusura nikuue. Kasema hujaniua, umenibana tu, halafu kacheka! Jamani, huyu mtoto ana moyo wa namna gani? Kisha kaacha kucheka. Kaniomba Jumamosi nisimpigie kelele asimame. Akihitaji kusimama, atasimama mwenyewe.

Nimekubali. Sijui kama naweza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefumua. Sasa ni mfuko tu, mdomo mpana, mrija unajipindia unavyotaka. Nimeongeza kimfuko cha vidonge vya glukosi. Kauvaa kutwa, huku anapima sukari. Saba. Sita na nusu. Saba.

Jumamosi, 8 Machi

Niko jukwaani, daftari gotini. Saa moja na ushei kabla ya mbio kapunguza besali kwa nusu, maana misuli ikifanya kazi inakula sukari. Kanifundisha yeye. Kaanza na sukari ya nane na nusu. Mkuu wa waamuzi yuko pembeni ya uwanja na saa yake na karatasi.

Mzunguko wa tatu. Mfuko hauchezi!

Wa sita. Wanaume wawili kawaacha nyuma. Wanahema kama wamebeba makabati! Mdogo wangu huyo, watu wangu. Aliyekuwa anaogopa sindano.

Wa nane. Kagusa kiuno. Mwendo umepungua. Mkuu kamwona, kainua kalamu — Filimbi katoa kidonge, kakitia mdomoni, anatafuna huku anakimbia. Sukari inashuka? Au anajikinga tu? Mimi sijui. Yeye ndiye anayejua.

Simama! Neno liko hapa kooni. Nimeziba mdomo kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Anapita mbele yangu sasa hivi. Kanitazama, kaona mkono mdomoni, kacheka.

Mzunguko wa tisa.